Kifundo Ndani ya Supu

Nyinyi mnaosema mapenzi huingilia machoni hamjawahi kushikwa na njaa pale Makutano ya Meru saa saba mchana, malori yakipiga honi na vitunguu vikikaangwa kila mlango. Ngari aliingia kibanda cha Makandi kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Hakuwa anatafuta mke. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza maziwa, kijana wa Embu, mrefu, koti la kazi la buluu lenye madoa ya grisi lakini viatu vinang'aa. Alichotaka ni kitu cha moto tu.

Makandi alikuwa amevaa aproni ya manjano na kilemba cha kitenge, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Kaka, utaingia ama umekuja kunipimia mlango?"

"Kuna nini leo?"

"Supu nzito. Mifupa, maharagwe ya njahi na ndizi mbichi. Ukimaliza bakuli hutaagiza la pili, utaomba."

"Unajisifu sana, madam."

"Sijisifu. Natangaza."

Ngari akachota kijiko kimoja, akameza. Kisha akafunika uso kwa viganja, mwanamume mzima na ndevu zake, akalia. Wateja waliacha kutafuna.

"Woi! Imekuchoma?"

"Nani amepika hii?"

"Si mimi? Kwani unaona nani mwingine hapa na mwiko?"

Msimcheke. Mama yake Ngari, Ciakuthii, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jedidah, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, ghafla, akichuma kahawa. Katika nyumba ile supu yake ndiyo ilikuwa dawa ya kila kitu. Mtu akianguka mtihani, supu. Akiachwa na mchumba, supu. Na ikikaribia kuiva aliwafukuza wote jikoni, kwa hiyo alikwenda kaburini na siri yake. Tangu siku hiyo mumewe, Mzee Ndambiri, alishindwa kula. Si kwamba aligoma, la. Chakula kilimkwama. Jedidah, dada mkubwa wa Ngari, alijaribu kuipika supu ile mpaka akachoka. Mzee huonja, husukuma bakuli. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya manne. Madaktari hawakuona ugonjwa. Mzee alikuwa anaondoka polepole, na watoto wake walijua.

Na sasa ladha ile ile ilikuwa ndani ya bakuli la plastiki, Makutano.

"Nifungie ya mzee wangu," Ngari akasema, akipangusa uso kwa mkono wa koti. "Tafadhali. Nitakurudishia chombo, naapa."

Jumamosi jioni simu ya Makandi ikalia.

"Amekula!"

"Nani amekula?"

"Mzee! Bakuli mbili! Ameuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Miaka miwili hajauliza kitu! Makandi, wewe ni malaika."

"Malaika hawauzi supu, bwana. Nirudishie hotipoti yangu."

Alirudisha Jumatatu, na Jumanne akaja tena bila sababu, na Jumatano akaja na sababu ya uongo, ati friji yake inalia vibaya. Makandi hakuwa na friji. Basi wakapendana. Alimwita "fundi wangu wa maziwa" na yeye akamwita "mama supu," na kila Jumamosi Ngari alibeba hotipoti hadi Embu, na mzee akaanza kujaa mashavu. Miezi minne ilipita hivyo. Jambo moja tu: kila alipomuuliza supu ile amejifunza wapi, Makandi alikuja na hadithi tofauti. Mara shangazi, mara jirani, mara redio. Ngari alicheka tu, akasema wapishi wote ni waongo.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Novemba. Jedidah alikuwa anampakulia baba yake mezani, na kutoka kwenye upawa kikaanguka kitu, tap, katikati ya bakuli. Kilikuwa kifundo cha kitambaa cheupe, kidogo, kimefungwa mafundo matatu. Jedidah akakipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na majivu.

"Yesu wangu," Jedidah akasema. "Ngari. Amekuwekea kamuti."

Kamuti ni ile dawa ya kumfunga mwanamume, na hakuna mama kule Embu ambaye hajamwonya mwanawe: mpishi mzuri kupita kiasi, chungulia sufuria. Jedidah, mama wa kanisa, alibeba hotipoti nzima akaimwaga shimoni huku akikemea kwa jina la Yesu. Mzee akabaki ameshika kijiko. Ngari akatoka nje kupiga simu.

"Makandi, uliweka nini kwa supu?"

"Hata salamu hakuna?"

"Uliweka nini?"

"Woi! Nilisahau kukitoa? Leo asubuhi nilikuwa na haraka. Ni majivu tu, mpenzi. Ya maganda ya ndizi. Hulainisha njahi na kuipa ile ladha."

"Mafundo matatu. Nani alikufundisha?"

"Kuna mama huja," Makandi akasema.

"Mama gani?"

"Sijui jina. Huja Alhamisi, saa moja asubuhi, nikiwa peke yangu. Hali, haketi. Anasimama tu kando ya sufuria ananiambia, 'Punguza moto, wacha njahi ijifikirie.' Niliona aibu kukuambia supu si yangu. Ni mama mzuri, Ngari. Ana sweta ya kijani, vifungo vyeusi lakini cha katikati ni chekundu. Na gumbuti, zile buti za mpira. Kitu kimoja tu hunishangaza, hata mvua ikinyesha, hizo gumbuti huwa kavu."

Ngari aliketi kwenye nyasi yenye umande. Kifungo chekundu alikishona yeye mwenyewe kwenye sweta ya mama yake akiwa darasa la sita.

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna mtu..."

"Tulimzika mama na hiyo sweta, Makandi!"

"Unasema nini? Ngari, usinitishe."

"Ulitafuta picha zake. Ukauliza watu. Ukajua mzee ni mgonjwa, ukaona hapo ndipo pa kunishikia kwa uchawi wako. Na mimi mjinga nikakubebea mpaka meza ya baba yangu!"

"Nikushike kwa nini? Kwani wewe ni dhahabu?" Sauti ikamkatika. "Mimi nilikuwa nakupenda bure tu."

Ngari akakata simu, akamsimulia Jedidah yote.

Alhamisi iliyofuata yule mama alikuja kama kawaida. Makandi hakumsikia akiingia. Aligeuka kuchukua chumvi, na alipogeuka tena, sweta ya kijani ilikuwa pale kando ya jiko, karibu kiasi cha kuguswa. Harufu ya moshi wa zamani ilijaa kibandani.

"Mama," Makandi akasema, "wewe ni nani?"

Yule mama alitazama sufuria, kisha akamtazama yeye, bila hasira.

"Mzee hajakula," akasema.

Pazia la mlango halikutikisika, lakini hakuwepo tena. Makandi alizima jiko, akafunga kibanda, na hakukifungua hadi Jumatatu. Alipokifungua alipika chapati na ndengu, na wateja wakamuuliza kulikoni, naye akawaambia wanyamaze, wale chakula.

Kule Embu mzee alirudi kule kule alikokuwa. Wiki ya kwanza alikunywa chai. Wiki ya tatu alikuwa anashika ukuta akienda msalani. Na wiki hiyo ya tatu Jedidah alipanda kwenye dari ya jikoni kwa mama yake, pale juu ya mafiga kuni zinapokaushiwa moshi, akakuta mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia. Aliufungua, akakaa chini sakafuni, akamwita kaka yake.

Ndani mlikuwa na vifundo kumi na kimoja vya kitambaa, vyeusi kwa moshi. Kila kimoja kilikuwa na mafundo matatu.

"Kwa hivyo ni yeye," Jedidah akasema. "Haikuwa kamuti. Ni mama."

Alichoma maganda mapya, akafunga majivu, akapika siku hiyo hiyo. Ngari alionja akaapa ni ile ile, haina tofauti hata ya chumvi. Mzee Ndambiri akaonja pia. Akatikisa kichwa.

"Hii umepika wewe," akamwambia Jedidah kwa upole. "Ile ya Meru alikuwa anapika mwenyewe."

Watoto wawili walitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee neno lolote kuhusu yule mama wa sweta.

Jikoni, Jedidah akalia kwa hasira. "Mimi ndiye nimekaa hapa! Mimi ndiye namwosha, namfulia! Mama nilimuuliza siri, akasema, 'Nitakuonyesha siku utakapoacha haraka.' Mbona asije kwangu, Ngari? Aende kwa mtoto wa watu?"

Ngari alimshika dada yake mabega mpaka akatulia.

"Enda umlete huyo msichana," Jedidah akasema, akipenga kamasi. "Na uombe msamaha kwa magoti, si kwa simu."

Kwa magoti ndivyo alivyoomba, kwenye matope ya Makutano, suruali yake nzuri ya kaki ikiharibika, mbele ya watu wote waliokuwa wakila ndengu. Makandi aliendelea kusukuma chapati.

"Inuka, unanifukuzia wateja."

"Nilikukosea. Nilikuita mwongo na hukuwa mwongo. Nilikutukana."

"Ulisema nakuroga."

"Nilisema. Nisamehe, Makandi."

Makandi alikiweka chini kifimbo cha kusukumia chapati. "Nijibu kitu kimoja. Umenifuata mimi, ama umefuata sufuria ya mama yako?"

Ingekuwa rahisi kwa Ngari kudanganya.

"Nimekufuata wewe. Hizi wiki tatu sijalala. Lakini mzee anakufa, na nikisema sijaja pia kwa sababu hiyo, nitakuwa nakudanganya."

Makandi alimtazama na ile suruali yake, na macho yakamlegea. "Angalau umesema ukweli. Sasa na mimi niseme wangu. Huyo mama alikuja. Akaniambia mzee hajakula. Nimeogopa mpaka nimekonda. Nitakuja, Ngari, lakini nikiingia jikoni kwenu napika yangu, ya nyanya yangu wa Mitunguu. Siwezi kuolewa niwe mkono wa mtu aliye kaburini."

"Na akikataa kula?"

"Basi atakuwa amenikataa mimi. Afadhali nijue sasa."

Walifika Jumamosi alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka migomba haikuonekana. Makandi alivaa gauni la zambarau, akafunga leso juu yake, akamsalimu mzee kwa mikono miwili. Mzee alikuwa amekonda hata pete ilimzunguka kidoleni. Kisha Makandi akaingia jikoni peke yake. Alikata kuku wa kienyeji, akamenya malenge, akatwanga tangawizi nyingi mpaka pua ikamwasha.

Harufu ya moshi wa zamani ilikuja kwanza. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, ukungu nyuma yake, gumbuti kavu. Alinyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na kifundo cheupe.

Makandi aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini hakukipokea.

"Hapana, mama," akasema. "Asante kwa yote. Lakini ukiendelea kumlisha wewe, atakufuata wewe. Niachie."

Sufuria ikanyamaza. Moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni za mti wa kahawa zinapasuka, na mchuzi uliokuwa ukichemka ukatulia kabisa, hata kiputo kimoja hakikupanda. Hapo mlangoni yule mama alisimama muda ambao Makandi hakuweza kuupima. Alitazama mafiga, dari yenye kuni, vikombe vilivyoning'inia. Alitazama kila kitu. Kisha akakiweka kifundo juu ya jiwe la jiko, akageuka, akaingia kwenye ukungu upande wa kahawa. Hakuangalia nyuma.

Supu ikaanza kuchemka tena. Makandi akachukua upawa, akapakua.

Mezani Jedidah alikuwa ameshika Biblia bila kuifungua. Mzee Ndambiri aliinamia bakuli, akavuta harufu.

"Kuna tangawizi."

"Ndiyo, baba," Makandi akajibu.

"Mama Jedidah hakuwa anaweka tangawizi."

"Najua, baba."

"Hajapika yeye."

"Hapana. Nimepika mimi. Naitwa Makandi."

Mzee alimtazama, kisha akachota, supu ikamwagika kidogo kwenye kitambaa cha meza. Akaonja. Akafumba macho. Ngari aliona koo la baba yake likipanda na kushuka, na machozi yakianza kutiririka kwenye mikunjo ya uso wake, yale ambayo hakuyatoa hata siku ya mazishi.

"Basi amekufa kweli," mzee akasema.

"Ndiyo, baba," Jedidah akajibu. "Amekufa."

"Amekufa kweli, Ciakuthii wangu."

Alilia mpaka alipochoka, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha akapangusa uso kwa kiganja, akavuta bakuli karibu, akala. Ngari akamshika Makandi mkono chini ya meza, akamuuliza lile swali la ndoa pale pale kwa kunong'ona, na Makandi akamwambia angoje kwanza, mzee amalize kula.