Maji ya Moto ya Mwalimu Winifred

Mfereji wa bafu la haremu, makao ya wanawake wa Sultani, ulianza kunuka nywele zilizoungua asubuhi ileile mwalimu Winifred alipofunga sanduku lake.

Miaka mitatu alikuwa akimfundisha Binti Behiye, mtoto wa Sultani. Sasa mama yake Winifred alikuwa mahututi kwao Uskoti. Ruhusa ya kuondoka ameshapewa, na meli ni ya alasiri.

"Madamu, umemwaga nini humu?" aliuliza Shevkidil, msimamizi wa haremu, akiziba pua.

"Maji ya birika. Yalikuwa yanachemka."

"Uliomba ruhusa kwanza?"

"Kwa nani? Kwa mfereji?"

"Ole wetu!" Shevkidil akajipiga kifua. "Hapa hata mtoto mdogo anajua! Humwagi maji ya moto bila kuwapigia hodi majini wanaokaa chini!"

Winifred akacheka. Msomi na ubishi wake!

Mara Behiye akapiga ukelele darasani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa malengelenge na hapakuwa na moto karibu, na chini ya sakafu kitu kilikuwa kikikwaruza, kikikwaruza, kikimfuata Winifred kutoka mlangoni hadi dirishani na kumrudisha mlangoni, huku ile harufu ikipanda mpaka kila aliyevuta pumzi akahisi anaimeza.

Malango yakafungwa. Hatoki mtu.

Adhuhuri akaletwa mganga aliyeitwa Hoja Saliha. Aliinama mferejini akanong'ona, akasikiliza, akanong'ona tena.

"Umemuunguza mtoto wao mkono wa kuandikia," alimwambia Winifred. "Mama wa huyo aliyeungua atamwachia Binti Behiye apone, ila umfundishe mwanawe kuandika kwa kushoto."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ajue."

"Ana umri gani?"

"Mia tatu na ushei. Bado mchanga, mwanangu. Na mama yake anasema kichwa chake kizito kidogo."

Winifred alimtazama Behiye akiugulia maumivu. Alimpenda mtoto yule. "Nimekubali," akasema, na moyoni akajiambia: nikishapanda meli, watanipata wapi?

Malengelenge yakanywea palepale. Malango yakafunguliwa. Winifred akanyakua sanduku, akakimbia, akavuka lango kuu, na mguu wake ukatua juu ya zulia la darasani.

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alisikia honi ya meli iliyokuwa ikiondoka.

Kiti kitupu kikajivuta mezani, kikiwa kimelowa. Chaki ikainuka upande wa kushoto, ikachora mstari uliopinda kwenye kibao, ikasita, ikimngoja.

Winifred alilia sana. Kisha akajipangusa uso. "Si hivyo," akasema. "Anza tena."