Fundi Aliyeogopa Kufunua Shuka

— Usifunue, — seremala alisema, akasimama mbele ya kitu kilichofunikwa shuka.

Msusi akacheka. Alijua ni zawadi yake ya harusi. Akanyoosha mkono, mchumba wake akaushika kwa upole na kuurudisha.

— Mbona unanificha mimi?

— Naogopa utaipiga picha.

Alidhani ni utani, lakini mwanaume hakucheka. Akamweleza taratibu kwamba kila akifungua simu humkuta kwenye kurasa za wasusi wengine, anawasema. Juzi alimwandikia dada msusi wa mtaa wa pili, chini ya picha ya mteja wake, "Jamani, huyu kasukwa au kafungwa mzigo?" Watu walicheka hadi basi. Kesho yake karakana nzima ikamuuliza seremala kama huyo mwenye mdomo ndiye anayemwoa.

— Maneno ya watu nitayazoea, mpenzi. Lakini mimi nami hukosea. Siku nikikosea, utanianika wapi?

Msusi akakumbuka wateja wake wanavyokaa kimya siku hizi, na mama mmoja aliyemwomba asimtazame sana kisogoni, ana kipara kidogo, asije akaandikwa. Kumbe waliomcheka mwenzake walikuwa wanamwogopa yeye.

Hakununa. Alirudi saluni, akaomba radhi palepale alipomsema mwenzake, mbele ya walewale waliocheka. Kisha akamwandikia yule dada: "Nimekukosea, dada yangu. Ulisuka vizuri. Mimi nilitafuta sifa."

Jibu likaja: "Nililia, lakini yamekwisha. Siku ya harusi nani atakusuka? Niite mimi."

Akaupeleka ujumbe huo karakana, macho yamemlowa. Seremala akausoma, akaurudia, kisha bila kuombwa akavuta shuka.

Ilikuwa meza ya kujipambia, mbao zinang'aa, kioo safi. Ila droo zote na kikasha cha vitana vilikuwa kushoto. Seremala hutumia mkono wa kushoto, na masikini alijipimia mwenyewe bila kujua.

Msusi akaketi. Mkono wake wa kulia ukatafuta kitana, ukapapasa hewa. Akacheka mpaka akaegemea kioo, na seremala, masikio yamemwiva kwa aibu, akajikuta anacheka naye.

— Haya, sema tu. Nimekosea.

— Umekosea, baba. Sasa vuta kiti, ukae hapa kushoto kwangu kila asubuhi, unipe vitana.