Kaptula Mbili za Lewis

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kina mama huanza kufika kwangu na vikapu vya chai mgongoni. Hapa Gesima majani ya chai hayamngoji mtu. Kila mama ananiachia mtoto wake mlangoni, kisha anakimbia shambani.

“Mama Mokeira, shika huyu. Amekunywa uji nusu.”

“Na nusu ile nyingine?”

“Si unaiona kwa nguo yake?”

Tunacheka, wanaenda. Jina langu ni Nyanchera, lakini watu huniita Mama Mokeira kwa jina la binti yangu. Nalea watoto wa majirani mchana kutwa; mwaka jana walikuwa saba. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mkubwa alikuwa Nyabuto, mwenye miaka minne na maneno ya mtu wa arobaini.

Tunaanza siku kwa sala. Kabla ya kula tunasali tena. Zamani, baada ya sala, watoto walinawa mikono katika beseni moja la bluu. Walinawa mmoja baada ya mwingine, katika maji yale yale. Niliamini sisi ni watu safi.

Jambo hili lilitokea mwaka jana, wakati wa mvua. Nikilikumbuka, uso wangu bado hupata moto.

Lewis alikuwa na miaka mitatu. Mama yake, Emily, huchuma chai mpaka alasiri, kisha hupeleka majani kituoni yapimwe. Kwa hiyo aliyekuja kumchukua Lewis saa nane mchana ni babu yake, Mzee Obwocha. Mzee huyo ni ndugu mdogo wa baba wa mume wangu. Kwa desturi yetu sisi Abagusii, yeye pia ni baba mkwe wangu. Namwita Tata, yaani baba. Haingii nyumbani mwangu. Husimama langoni, hukohoa, nami nampelekea mtoto. Mbele yake sitaji tumbo, wala choo, wala nguo ya ndani. Haya hiyo tunaiita chinsoni. Nimelelewa nayo, na bado naiheshimu.

Choo chetu ni cha shimo. Tundu lake lilikatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Lewis alikiogopa. Alifika mlangoni, akatazama lile tundu jeusi, akarudi nyuma. Jumatatu moja alijichafua hapo hapo mlangoni. Nilikuwa nimechoka. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

“Tazameni! Mtoto mzima anajinyea! Mokeira wangu aliacha mambo haya akiwa na miaka miwili.”

Watoto walicheka. Nyabuto akatunga wimbo papo hapo: “Lewis ananuka! Lewis ananuka!”

Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka. Lewis hakulia. Aliinamisha kichwa, akavuta shati lake mpaka magotini.

Jumatano asubuhi alifika akiwa mnyonge. Saa tatu aliharisha kwenye kaptula, maji matupu. Niliiosha, nikamvalisha nyingine. Saa nne na nusu akaichafua hiyo pia. Nikamvalisha kaptula ya zamani ya Mokeira. Baada ya hapo sikuona uchafu tena. Nikasema moyoni, tumbo limetulia.

“Mama, maji,” Lewis aliomba.

“Hapana. Maji yataongeza kuhara.”

Hivyo ndivyo nilivyosikia tangu utotoni. Nilimpa vijiko viwili tu vya strungi, chai isiyo na maziwa. Uji nikamnyima. Kisha nikapiga magoti kando ya jiko.

“Bwana,” nilisali, “funga tumbo hili kabla Mzee hajafika.”

Tazama sala yangu. Sikuomba mtoto apone. Niliomba Mzee asijue.

Saa nane Mzee akakohoa langoni. Zile kaptula mbili zilikuwa bado zimelowa. Nilizifunga katika kipande cha leso, nikaziweka chini kabisa ya mfuko wa Lewis. Nilijiambia kwamba Emily akizikuta ataelewa mwenyewe. Nikambeba mtoto mpaka langoni.

“Amelala?” Mzee aliuliza, huku akitazama migomba.

“Amechoka tu, Tata. Wamecheza sana.”

“Mbona macho yameingia ndani?”

“Ni usingizi, Tata.”

Akamweka begani, akaenda.

Haikupita nusu saa nikasikia naitwa kwa sauti kubwa. Alikuwa Damaris, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye hutembelea nyumba zetu na mkoba wake. Alikuwa amekutana na Mzee njiani. Nyuma yake alisimama Mzee na Lewis begani. Koti la Mzee lilikuwa limelowa kutoka kifuani hadi kiunoni. Sikuhitaji kuuliza limelowa nini.

“Mama Mokeira,” Damaris alisema, “mtoto huyu amehara mara ngapi leo?”

Nilitazama chini. Mzee alitazama migomba.

“Tuingie ndani, Damaris, nikuambie.”

“Sina muda wa kuingia ndani. Tazama.”

Alibana ngozi ya tumbo la Lewis kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ilibaki imesimama, kisha ikarudi polepole.

“Umeona? Macho yameingia ndani. Analia bila machozi. Mwili wake umekauka. Mara ngapi?”

Mzee aligeuka kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka ili anisitiri. Lakini mtoto alikuwa begani mwake.

“Mara mbili,” nilisema. “Kaptula ziko kwenye mfuko. Chini.”

“Si mbili!” Nyabuto akadakia kutoka mlangoni. “Lewis ameenda nyuma ya migomba mara nyingi! Aliniambia nisiseme. Aliogopa tutamwimbia.”

Nilikwenda nyuma ya migomba. Niliona mahali patano. Kila mahali Lewis alikuwa amefunika kwa kipande cha jani la mgomba, asije mtu akaona.

Nilisimama pale nikalia. Kisha nikarudi, nikasema mbele ya baba mkwe wangu, kwa sauti ya kusikika:

“Hapa kwangu ameenda choo mara saba. Ni maji matupu, hakuna damu. Hajanywa maji tangu asubuhi. Aliomba, nikamkataza.”

Mzee alimshusha Lewis begani. Damaris hakunitukana. Alifungua mkoba, akatoa pakiti ndogo ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini.

“Una maji yaliyochemshwa yakapoa?”

“Ninayo.”

“Lete nusu lita, na kijiko. Kwanza nawa mikono kwa sabuni. Pakiti hii inachanganywa na nusu lita. Usipunguze maji, usizidishe. Ukipata pakiti ya aina nyingine, soma kwanza imeandikwa nini.”

Alichanganya, akanipa kikombe. Nilimpa Lewis kijiko kimoja. Alikishika kwa meno, hakutaka kukiachia. Alikuwa na kiu kiasi hicho! Baada ya vijiko vichache akatapika.

“Ametapika, Damaris! Niache?”

“Usiache. Ngoja dakika kumi, kisha uanze tena polepole.”

“Na maji haya hayataongeza kuhara?”

“Anaweza kuhara bado leo na kesho. Lakini kinachoua mtoto upesi ni kukaukiwa maji mwilini. Ukimnyima maji, unasaidia ugonjwa. Sasa nendeni zahanati. Amekauka sana, huyu si wa kutibiwa nyumbani. Njiani endelea na kijiko. Mimi nitabaki na watoto.”

Tulichukua pikipiki mbili. Mzee alipanda ya mbele. Mimi nilipanda ya nyuma na Lewis kifuani. Kila tulipopunguza mwendo nilimpa kijiko.

Pale zahanati muuguzi alitukalisha kwenye benchi, akatuangalia kwa muda wa saa nne huku Lewis akiendelea kunywa. Alitupa pia vidonge vya zinki vya kumeza kila siku kwa siku kumi, hata kama kuhara kutaisha mapema. Ilipofika jioni Lewis alikojoa. Sikujua kwamba siku moja nitamshukuru Mungu kwa mkojo.

Damaris alikuwa amempigia Emily simu, naye alifika zahanati akiwa bado na aproni ya kuchumia chai. Alimshika mtoto wake kwanza. Kisha akafungua ule mfuko, akatoa kile kipande cha leso.

“Hii ni nini?”

“Ni kaptula zake, Emily. Ameharisha tangu saa tatu.”

“Uliniwekea habari za mtoto wangu chini ya mfuko, kama takataka?”

“Niliona haya kumwambia Tata.”

“Na mimi je? Simu yangu ilikuwa mfukoni, Mama Mokeira. Ilikuwa na chaji.”

Sikuwa hata nimefikiria simu. Haya ilikuwa imenijaa kichwa kizima.

Sabato iliyofuata, yaani Jumamosi, nilikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Niliona kama kila mtu anazijua zile kaptula. Wakati wa sala nilisema: “Bwana, nilikuambia wewe peke yako, nikawaficha watu uliowaweka karibu yangu. Nifundishe.”

Jumapili Damaris alikuja. Alikunywa chai, akalitazama lile beseni la bluu.

“Watoto wote wananawa humu?”

“Ndiyo. Baada ya sala.”

“Anayetangulia ni nani?”

“Nyabuto.”

“Na wa mwisho?”

“Yule mdogo.”

“Basi yule mdogo ananawa uchafu wa wenzake sita, halafu anakula. Mikono inataka maji yanayotiririka, na sabuni.”

Nilijifunika uso. “Damaris, nimefanya hivyo miaka mitatu.”

“Mimi kwa watoto wangu nilifanya miaka saba. Lete mtungi wa lita tano na msumari.”

Tulitoboa mtungi karibu na shingo, tukautundika kwa mti, tukafunga kamba ya kukanyaga ili mtungi uiname na kumwaga maji. Tukatundika sabuni kando. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Watoto wananawa wakitoka choo na kabla ya kula. Mimi nanawa baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kupika.

Damaris alinieleza na mengine. Mtoto anayehara apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima cha maji ya pakiti kila anapotoka choo. Aliye chini ya miaka miwili, robo hadi nusu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu, apelekwe zahanati mara moja. Na aliyehara akae kwao mpaka siku mbili zipite baada ya kuhara kuisha, asije akawaambukiza wenzake.

“Na choo?” niliuliza. “Lewis anaogopa tundu.”

“Ana haki ya kuogopa. Tundu linamtosha kuingia mzima. Wadogo wape poti. Kinyesi mwaga chooni, poti ioshe kwa sabuni. Wakubwa watengenezee ubao wenye tundu dogo. Wakati wa kwenda ukifika, mshike mkono. Akijichafua, msafishe ukimwambia ni kawaida. Mtoto aliyechekwa huficha. Na akificha, wewe utajuaje kwamba anaumwa?”

Wiki hiyo niliwaita kina mama wote. Niliwasimulia yote, pamoja na ule wimbo na kicheko changu. Wawili waliwahamisha watoto wao. Sikuwalaumu. Kwa wale waliobaki niliahidi kwamba mtoto akihara hata mara moja, nitapiga simu siku hiyo hiyo. Emily hakuja kwenye mkutano.

Siku nne baadaye, asubuhi, nilikuta kitu langoni kimefungwa ndani ya gunia. Nikafungua. Ulikuwa ubao uliopigwa randa vizuri, wenye tundu dogo katikati na mshikio pembeni. Hapa jirani ni mtu mmoja tu mwenye randa: Mzee Obwocha. Hangeweza kunikabidhi kitu kama hicho mkononi. Aliuacha, akaenda zake. Niliubeba mpaka chooni nikitabasamu na kulia.

Wiki ya tatu, nikiwa najaza kibuyu chirizi, nilisikia mtu akikohoa langoni. Mzee alikuwa amesimama na Lewis. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa tena.

“Mama yake amesema arudi,” Mzee alisema.

“Asante, Tata. Karibu, Lewis.”

Mzee hakuondoka. Alitazama migomba. Akakohoa tena.

“Asubuhi ameenda choo.”

Nilishika kibuyu kwa mikono miwili, nikakitazama kana kwamba sijawahi kukiona.

“Ndiyo, Tata.”

“Mara moja.” Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. “Kilikuwa kigumu.”

“Asante sana, Tata.”

Lewis alivuta nguo yangu. Alimtazama Nyabuto, akanitazama mimi, kisha akasema wazi, mbele ya babu yake na mbele ya watoto wote:

“Mama, nataka choo.”

Nyabuto alifungua kinywa. Nilimtazama. Akakifunga, akafikiri kidogo.

“Akitoka,” alisema, “mimi ndiye nitamkanyagia kamba ya maji.”

Nilimshika Lewis mkono, tukaenda.