Vanishi ya Theofania

Rafadha ilikwama ghafla, na ukimya wa injini ulimtisha Zambeta kuliko kelele zote za upepo. Boti ya marubani iligeuka ubavu, wimbi likapanda juu ya kioo, na maji baridi yakamwingia shingoni hadi mgongoni.

"Wavu," alisema Thrasos, mwendesha boti, akiwa ameinama tezini, nyuma ya boti. "Kuna mpumbavu katupa wavu wake wa nailoni, na sisi ndio tumeuvaa."

"Ukate," alisema Kapteni Polihronis.

"Nitaukata na nini, Kapteni, na meno? Uko chini ya boti. Nikizama kwenye maji haya mtamwopoa marehemu."

Asubuhi bahari ya Kavala ilikuwa imetulia kama mafuta kwenye sahani. Zilikuwa siku za Alkioni, zile siku chache za jua katikati ya Januari ambazo watu wa pwani ile huzingoja mwaka mzima na kuziamini kama ahadi ya mama. Zambeta naye aliziamini. Alikuwa na karakana pale bandarini, akichora na kutengeneza ngazi za kamba ambazo marubani wa bandari, wale wanaoziongoza meli kuingia na kutoka, huzipanda kuingia kwenye meli kubwa. Ngazi yake mpya, aliyoihangaikia majira mawili ya baridi, ilikuwa kwenye meli ya nafaka iitwayo Evdokia, iliyotia nanga nje ya bandari. Alitaka kuiona ikining'inia kwenye ubavu wa meli halisi. Basi aliondoka na Thrasos kwenda kumchukua Kapteni Polihronis, rubani, kutoka kwenye meli aliyokuwa akiitoa bandarini. Wakirudi wangepitia Evdokia.

Hakuna aliyejua jambo moja. Mtengeneza ngazi huyu aliogopa kuwa mahali pa juu. Kwenye ukuta wa majaribio wa karakana aliwapandisha wengine, yeye akisimama chini na kalamu.

Sasa upepo wa kusini, ostria, ulikuwa umeamka bila kubisha hodi. Uliwasukuma kuelekea miamba iliyokuwa ikitafuna povu upande wa nchi kavu. Kati yao na miamba hiyo palikuwa na kitu kimoja tu, ukuta mrefu mweusi wa Evdokia.

Polihronis alishika redio. "Evdokia, hapa ni boti ya marubani. Hatuna injini. Tunawajia kwa upepo. Wekeni ngazi ubavu wa kushoto."

Sauti iliyojibu ilikuwa ikikatikakatika. Nanga yao ilikuwa imeanza kuburutika, na mabaharia karibu wote walikuwa gubetini, mbele ya meli, wakihangaika nayo. Wangemtuma serahangi, msimamizi wa mabaharia, na mtu mmoja.

"Na tagi ya kutuvuta kutoka bandarini?" aliuliza Zambeta. Alishangaa kusikia sauti yake ikiwa nyembamba hivyo.

"Imekwisha kuitwa," alisema Polihronis. "Itakuta mbao zikielea."

"Kapteni, usimtishe mgeni," alisema Thrasos.

"Simtishi. Nataka afunge jaketi lake vizuri. Zambeta, binti yangu, kaza mkanda huo wa katikati. Hivyo. Sasa njoo tushike turubai."

Walilitandaza turubai kati ya upondo na mlingoti mfupi, nalo likavuma na kujaa upepo. Halikuwa tanga, lakini liliipa boti mwendo kidogo, na usukani ukaanza kutii. Zambeta alishika kona yake mpaka kucha zikavuja damu. Kila walipoinuliwa na wimbi aliiona Evdokia imekuwa kubwa zaidi. Kila walipotumbukia hakuona chochote ila maji ya kijivu yakisimama pande zote. Alijaribu kusali sala nzima, akashindwa kuikumbuka. Yakabaki maneno mawili tu. *Bwana, uturehemu.* Aliyasema mdomo ukiwa umefungwa ili maji yasiingie.

"Ikitupita hii meli, basi," alisema Thrasos.

Haikuwapita. Iliwagonga, au wao waliigonga, na mlio wa ubao ukipasuka ulipita kwenye nyayo za Zambeta kama umeme. Kutoka juu, juu sana, kamba nyembamba ilirushwa. Thrasos aliidaka na kuifunga mbele ya boti. Mzee mwenye kofia ya sufu aliwainamia kutoka sitahani. Alikuwa Nikiforos, serahangi, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuja mwenyewe karakanani kuichukua ngazi na kuibusu kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Nayo ngazi ilikuwepo, ikigonga ubavu wa meli.

"Maji yanaingia," alisema Thrasos. Yalikuwa yamefika vifundoni.

"Nitatangulia mimi, kisha nikuvute wewe," Polihronis alimwambia Zambeta. "Tazama ninavyofanya. Unangoja boti ipande, unashika kamba, hushiki kidato. Usiruke. Unahama tu, kama mtu anayehama kitanda."

Boti ilipanda. Rubani akahama. Vidato vinne vya chini vilikuwa vya mpira, na miguu yake ilivikanyaga bila shida. Kisha akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha mbao. Mguu ulitoka kana kwamba mtu ameuvuta. Alining'inia kwa mkono mmoja, meli ikalala upande wa pili, mkono ukaachia. Aliangukia ukingo wa boti kwa bega, na Zambeta alisikia bega likitoka mahali pake.

Walimvuta ndani kwa mkanda wa jaketi. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Sabuni," alisema, meno yakigongana. "Ngazi yako ina sabuni, binti."

Zambeta aliinua macho. Mbao zile alizichagua mwenyewe, akazisugua kwa mkono, akaziacha tupu ili unyayo ulioloa upate pa kushika. Sasa ziling'aa. Ziling'aa kama kinyago cha dukani.

"Mzee Nikiforos," aliita, akikinga mdomo kwa viganja. "Nani kapaka vanishi?"

Upepo ulileta sauti yake vipande vipande. "Mimi. Kwa ajili ya padri. Siku ya Theofania, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, alipokuja kubariki meli. Nilitaka ipendeze mbele za Mungu."

"Ngazi ya zamani iko wapi?"

"Tulikwisha kuikatakata."

Thrasos alitema maji ya chumvi. "Basi imebarikiwa vizuri. Mbinguni tunafika sote leo."

Zambeta hakucheka. Alikuwa akiangalia jina lake, lililochomwa kwa chuma cha moto kwenye kidato kirefu, kile alichokiweka ili ngazi isijipinde. Kamba ilikuwa nzuri. Mafundo yalikuwa mazuri. Alikuwa amefikiria uzito, na mwendo wa meli, na mikono yenye baridi. Hakuwa amefikiria mzee anayempenda Mungu, mwenye brashi mkononi.

Maji yalifika katikati ya miundi. Ndani ya viatu vyake vidole vilikuwa vimebanwa, na alijua sababu. Mama mkwe wake, Kira Despo, alimvisha asubuhi jozi mbili za soksi za sufu ya kondoo, nene kama blanketi. "Bahari si karakana," alisema. "Vaa zote, usinibishie." Despo alikuwa mtu wa milimani. Wakati wa barafu alivaa soksi juu ya viatu ili apande ngazi za mawe kwenda kanisani, na mtaa mzima ulimcheka. Lakini yeye hakuwahi kuanguka, na waliomcheka walivunjika nyonga.

Zambeta alikaa kwenye maji akavua viatu.

"Unafanya nini, fundi?" alisema Thrasos. "Unaoga?"

"Mshike Kapteni miguu."

Alivua jozi ya juu, akaivuta juu ya viatu vya rubani mpaka ikakaza. Yeye alibaki na jozi ya ndani. Kutoka juu walikuwa wameteremsha kamba nene. Aliipitisha chini ya makwapa ya Polihronis na kufunga fundo ambalo mikono yake ililijua hata akiwa usingizini.

"Watu wawili hawawezi kuninyanyua," alisema Polihronis. "Nimekula Krismasi nzima."

"Hawatakunyanyua. Watakushikilia tu usianguke. Wewe utapanda kwa miguu."

"Siwezi kuinamisha shingo. Sivioni vidato."

"Nitakuwa chini yako," alisema Zambeta. "Nitakuwekea miguu."

Alipoyasema hayo alitazama ukuta wa meli hadi juu, kisha haraka akageuza macho. Polihronis alimtazama, na pengine alielewa, maana alimgusa kichwa kwa mkono mzima.

Boti ilipanda. Wakahama.

Mpira ulishika. Juu yake mbao zilingoja, zikimeta. Zambeta alikishika kisigino cha Polihronis, akakiinua, akakiweka katikati ya kidato. Soksi ilinyonya maji, ikang'ang'ania. "Kanyaga." Akakanyaga. Haikuteleza.

"Mguu mwingine."

"Upo wapi?"

"Ninao mimi. Kanyaga."

Bwana, uturehemu. Kisha mguu wake mwenyewe. Kupitia sufu alihisi vanishi ile laini, baridi, na nyuzi za soksi zikiikwaruza na kubaki. Uso wake ulikuwa umebanwa kwenye chuma chenye harufu ya kutu. Alijiambia asitazame chini. Akatazama. Boti ilikuwa ndogo kama kiatu, na Thrasos ndani yake akiyachota maji kwa ndoo, na pembeni ya boti bahari ilifungua na kufunga mdomo. Mikono yake iligoma. Vidole vilijifunga kwenye kamba na havikutaka kufunguka. Hakuweza kupanda wala kushuka. Alisikia mtu akilia kwa sauti ndogo, akajua ni yeye.

"Binti," alisema Polihronis kutoka juu yake, taratibu, kama mtu aliyekaa kwake jikoni. "Mguu wangu wa kushoto unakungoja."

Meli ililala. Ngazi ilitoka kwenye ubavu, ikaning'inia hewani, ikaanza kujipinda. Zambeta aliona bahari ikija upande wa uso wake. Kisha kidato kirefu, chenye jina lake, kiligonga chuma kwa kishindo na kuizuia ngazi. Ikarudi, ikatulia. Alikuwa amekichora kidato kile jioni moja ya mvua, mezani, na supu ikipoa kando yake. Kumbe alikuwa akijichorea mwenyewe.

Mkono mmoja ulifunguka. Aliushika mguu wa kushoto.

"Kanyaga," alisema.

Hakujua walipanda kwa muda gani. Alijua visigino viwili tu, na kamba, na maneno yale mawili. Kisha visigino vikapotea juu, mikono ikamshika kwenye jaketi, akaangukia sitaha kama mfuko wa ngano.

Hakubaki chini. Alimvua Polihronis soksi, akazifunga kwenye kamba na kuiteremsha. Boti ilikuwa imezama hadi vitini.

"Zivae juu ya viatu," aliita.

Thrasos alizinusa. Hata katika hali ile alizinusa. "Nife tu," alisema, huku akizivaa haraka. Aliposhika ngazi, wimbi liliibana boti kwenye ubavu wa meli na kuipasua kama boksi la machungwa. Alipanda mbio, akilaani na kusali kwa pumzi moja, na alipofika juu alilibusu fundo la ngazi badala ya kumbusu mtu.

Mzee Nikiforos alikuwa amepiga magoti. Aliishika mikono ya Zambeta na hakuweza kumtazama usoni.

"Nilisema ni zawadi," alisema. "Ubao mtupu niliuonea aibu. Padri aliunyunyizia maji kwa tawi la mrihani, akasema, angalieni ilivyopendeza. Ningewaua, mwanangu."

Zambeta alitaka kumfokea. Maneno alikuwa nayo. Lakini alikumbuka kwamba tangu aanze kazi alikuwa akiwaambia mabaharia wasizipake ngazi vanishi, na wote waliitikia, na hakuna siku hata moja aliyowauliza mikono yao, iliyotaka kupamba, ifanye nini badala yake.

"Nipe kisu, mzee," alisema. "Na wewe chukua chako. Tuikwangue kabla Kapteni hajalazimika kushuka."

"Mimi nashuka na winchi," alisema Polihronis kutoka chini ya blanketi, "na bega langu litafuata kwenye sanduku."

Usiku nanga ya Evdokia ilishika tena, ostria ikafa alfajiri, na tagi ikawachukua.

Tangu siku hiyo kila ngazi inayotoka karakana ya Zambeta ina mifereji iliyochongwa kwenye vidato, ambayo brashi haiwezi kuijaza bila kuonekana. Na kabla haijatoka anaipanda mwenyewe ukutani, bomba la maji likiimwagikia, akiwa na soksi za Kira Despo miguuni. Bado anaogopa. Wafanyakazi wake sasa wanajua, nao humngoja chini wakiishika ngazi.

Pia hufungia pamoja na ngazi kibao kidogo cha mti uleule, kilichochongwa tundu la kutundikia picha ya Mtakatifu Nikolao, mlinzi wa mabaharia. Cha kwanza alikipeleka Evdokia.

Mzee Nikiforos alikigeuza geuza mikononi. "Hiki je," aliuliza kwa woga, "naruhusiwa kukipaka?"

"Kipake, mzee," alisema Zambeta. "Kipake mpaka ujione uso."