Gurudumu la Bwana Soud na Jamvi la Karafuu

Jamaa zangu, nyumba ikiwa na mtu asiyeambilika haikosi kelele, hata iwe na kila kitu. Nyumba ya Bi Moza pale Ole, kisiwani Pemba, ilikuwa hivyo, na kisa chake nataka mkijue. Chekeni mkitaka, lakini mkimaliza kucheka mfikiri.

Ilikuwa msimu wa karafuu wa mwaka 1959, siku ya Alkhamisi asubuhi. Jua zuri, ua umefagiliwa, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi matatu zanukia mpaka njiani. Bi Moza alikuwa akizigeuza huku akiimba kidogo kidogo, maana alikuwa na furaha yake. Mdogo wake, Time, anaolewa kijiji cha Shumba, na hina ndiyo alasiri ile. Mama yao keshafariki, na Time alikuwa kasema tangu mwanzo, "Hina yangu atanitia dada Moza. Mwengine simtaki." Mumewe Moza, Bwana Soud, alikuwa na pikipiki, peke yake mtaa mzima, na ndiyo ya kuwapeleka.

Mara Bwana Soud akatoka ndani na tairi jipya begani, kaletewa juzi kutoka Unguja. Lile la nyuma lilikuwa limekwisha, nyuzi zaonekana.

"Weye walitia leo?" akauliza Bi Moza. "Leo ya safari?"

"Mara moja tu. Hujamaliza kugeuza karafuu zako, miye n'shamaliza."

"Basi mwite Mzee Silima akushike mkono."

Mzee Silima ni jirani yao, fundi wa baiskeli.

"Silima!" Bwana Soud akacheka. "Baiskeli na pikipiki wapi na wapi? Na weye, bibi, shughulika na karafuu."

Bi Moza akarudi kwenye karafuu zake. Msidhani mumewe alikuwa mtu mbaya. Halewi, hapigi mtu, sala hazimpiti. Ugonjwa wake mmoja tu, hataki kuambiwa. Ukimwambia mvua yanyesha, atakwambia hainyeshi, na huku kanzu imemganda mwilini.

Basi akaisimamisha pikipiki uani, akatoa mnyororo, akafungua nati, akachomoa kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu. Gurudumu likatoka. Kila kidude alichokitoa alikiweka pembeni mwa majamvi ya karafuu, hiki hapa, kile pale, ati pasafi, hapana mchanga.

"Bwana, chukua bakuli hili uvitie humu," akasema Bi Moza. "Hapo vitapotea."

"Vitapotea vina miguu?"

Kisha akakosa chuma cha kubandulia tairi. Akaingia jikoni, akatoka na vijiko viwili vikubwa vya kupakulia pilau.

"Vijiko vyangu!"

"Vitarudi."

Vilirudi, kweli. Kimoja kimepinda kama ndoana.

Lakini tairi kuukuu likatoka, na jipya likaingia, kwa jasho na bismillahi nyingi. Bwana Soud alikuwa akilijaza upepo, kifua mbele, pale sauti ilipotoka nyumba ya pili.

"Karafuu! Karafuuu! Mvua hiyo!"

Nyie wa Pemba mwajua. Ukisikia ukelele huo msimu wa karafuu, huulizi za nani. Mwenye kupika aacha chungu, mwenye kuoga atoka na povu. Majirani wakamiminika uani kwa Bi Moza, wakashika majamvi pembe nne, wakakunja, wakabeba mbio mpaka ukumbini. Hata karafuu moja haikurowa.

"Vidude vyangu!" akapiga kelele Bwana Soud, peke yake katikati ya mvua, kakumbatia gurudumu.

Vidude vyote vilikuwa ndani ya karafuu. Na karafuu kavu na nati yenye grisi, rangi ni moja.

Mvua ilipopita, adhuhuri ishaingia. Bi Moza akachukua ungo, akawa apepeta karafuu fungu kwa fungu. Nati ya kwanza ikaonekana, ya pili ikaonekana, na kile chuma kirefu na mnyororo. Kilichobaki ni kipete kimoja cha chuma, kinachokaa baina ya gurudumu na uma wa nyuma ili gurudumu lisicheze.

"Ningoje kidogo, jamvi la tatu bado," akasema Bi Moza.

"Kipete kimoja hakizuii safari," Bwana Soud akajibu, na huku ashalirudisha gurudumu, afunga nati. "Panda twende. Watu wangoja."

Bi Moza alikuwa kavaa buibui, mkononi kashika furushi la hina. Roho yake yote ilikuwa Shumba. Alimuona mdogo wake kakaa juu ya mkeka, mikono mitupu, aangalia mlango. Akanyanyua mguu apande. Kisha, sijui ni nini kilichomtuma, akainama akalitikisa gurudumu. Likaenda huku na huku kama jino bovu.

Akaushusha mguu.

"Miye sipandi."

"Hupandi? Na hina ya mdogo wako?"

"Mdogo wangu ataka dada, hataki maiti." Machozi yakamlengalenga, lakini hakusogea.

"Haya, tazama basi!" Bwana Soud akaipiga teke pikipiki, ikawaka. "N'tateremka mteremko huu mpaka chini na kurudi, uone nani mjinga!"

Akateremka. Watu wakasimama kutazama. Nusu ya mteremko, gurudumu likaanza kucheza ngoma yake. Mnyororo ukaruka, pikipiki ikaenda upande, Bwana Soud akaenda upande wa pili, kichwa mbele, ndani ya matuta ya muhogo ya Mzee Silima.

Bi Moza akatupa furushi, akapiga mbio kama hana buibui.

"Bwana! Bwana Soud!"

Majani ya muhogo yakatikisika. Uso ukatokea, wote udongo. "Miye mzima. Msicheke."

"Hatucheki," akasema Mzee Silima, naye kashika mbavu. "Twauliza tu, tukusomee khitima au umeghairi?"

Bwana Soud alichubuka magoti na kiwiko, basi. Wangekuwa wawili juu ya pikipiki, na mmoja kakaa upande na furushi, Mungu ndiye ajuaye. Na yeye alilijua hilo. Alimtazama mkewe alivyokuwa akimpangusa udongo, akainamisha kichwa.

"Mzee Silima," akasema polepole, "nakuomba unisaidie."

"Sema tena, sikio hili bovu."

"Nakuomba, mzee wangu!"

Kipete kilipatikana jamvi la tatu, Bi Moza akakitia bakulini. Pikipiki ikakokotwa mpaka uani, gurudumu likafunguliwa upya, na vidude vyengine navyo vikaingia bakulini. Mzee Silima akataja kidude kinachotakiwa, Bi Moza akatoa bakulini kimoja kimoja, Bwana Soud akafunga, na kila akikosea akaambiwa, na kila akiambiwa akakubali kwa adabu, "Ewallah." Watu walikuja kutoka nyumba ya nne kusikiliza hiyo ewallah.

Walipofika Shumba, alasiri ilikuwa yamalizika. Wanawake washachoka kumbembeleza bibi harusi, mikono kaificha chini ya kanga. Alipomuona Bi Moza mlangoni, akaitoa yote miwili.

"Umechelewa, dada."

"N'mechelewa, lakini nimefika," akasema Bi Moza, akakaa, akafungua furushi.

MAFUNZO

Wenzangu, ubishi nao ni maradhi ya nyumba, ijapokuwa hauna harufu kama ulevi. Mwanamume asiyemsikiliza mkewe, na mtu mzima anayeona haya kumuomba jirani, huwatia hatarini wale anaowapenda. Ukifungua kitu, kihifadhi ulichokifungua. Usilolijua, uliza. Ukiambiwa pana kasoro, itazame kwanza kabla hujajibu. Na wewe unayetakiwa upande jambo ulilokwisha kuliona halikukazwa, shusha mguu, hata kama watu wangoja. Aliyechelewa hupokewa. Mngojewa asiyefika kabisa, huyo ndiye msiba.