Tupange Safari ya Ikupa

Nyumbani kwa Lwitiko, huko Ihanda, kulikuwa na jambo lisilosemwa. Ikupa, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minne. Kila mtu alijua, labda kuku tu ndio hawakujua. Lakini hakuna aliyelitaja.

Ulikuwa mwezi wa tisa, wakati wa kazi. Lwitiko alimenya kahawa kwa mashine. Ikupa aliianika kwenye kichanja. Bibi Marta, mama yake Lwitiko, alipepeta maharage mlangoni huku akimtazama mkwe wake.

Bibi Marta aliogopa. Miaka mitatu nyuma, Ikupa alipopata mimba ya kwanza, bibi huyu alifurahi sana. Alifuma shali nyeupe ya mjukuu mapema. Mtoto akazaliwa amekufa. Watu walisema ukimwandalia mtoto ambaye hajazaliwa, unamwitia mkosi. Bibi Marta akaificha shali chini ya sanduku. Aliamini ndiyo iliyoua.

Kwa hiyo safari hii alikataza kila kitu. Hakuna kununua nguo, hakuna kuweka hata senti. Lwitiko alitii. Pesa za kahawa zikija, alipanga kununua mabati aezeke nyumba na jiko.

Ikupa aliogopa kuliko wote. Aliogopa mkosi, na aliogopa mwezi wa pili. Wakati huo pesa za kahawa huwa zimekwisha, na njia ni tope tupu. Usingizi ulimpaa. Alimwambia Ketrina peke yake.

Ketrina alikuwa jirani yao na mhudumu wa afya wa kijiji. Jumapili moja aliwatembelea baada ya ibada. Hakuanza na mambo ya pesa. Alimwuliza Lwitiko, ile mara ya kwanza Ikupa aliposhikwa na uchungu, waliondoka nyumbani saa ngapi.

"Uchungu ulianza asubuhi," Lwitiko alisema. "Tuliondoka saa kumi jioni."

"Mlikuwa mnangoja nini?"

Lwitiko alitazama chini. "Nilikuwa natafuta nauli. Nilipita nyumba saba. Mwenye gari alitaka pesa mkononi kwanza."

Mlangoni, Bibi Marta aliacha kupepeta maharage.

"Mama," Ketrina alimwambia taratibu, "kama mngewahi, sijui ingekuwaje. Hakuna ajuaye. Lakini shali yako haikumchelewesha mtu. Nauli ndiyo iliyowachelewesha."

"Sitaki mtoto aandaliwe," Bibi Marta alisema. "Yale siyawezi tena."

"Basi tusimwandalie mtoto. Tupange safari ya Ikupa. Ikupa yupo, tunamwona. Kumpangia yeye kuna mkosi gani?"

Bibi Marta alisogeza kigoda chake karibu, asikie vizuri.

Ketrina akaeleza. Hospitali ya serikali haidai malipo ya kuzalisha, lakini safari yenyewe ina gharama. Lwitiko aliandika nyuma ya stakabadhi ya kahawa. Gari la kwenda na kurudi. Chakula cha Ikupa na cha mtu wa kumwuguza. Mpira wa kulalia wakati wa kujifungua, glovu, pamba, wembe mpya, sabuni, beseni na vitenge. Ketrina aliwashauri waulize hospitalini vipi vipo na vipi wanunue wenyewe. Jumla ilifika shilingi tisini elfu. Lwitiko akaweka kalamu chini.

"Bado," alisema Ketrina. "Uchungu hausomi karatasi. Dawa zinaweza kukosekana. Anaweza kupasuliwa akalala wiki nzima. Ongeza akiba ya elfu sitini."

Hapo Lwitiko aliona mabati kumi yakiruka. Aliguna. Kisha alimtazama mkewe, akaandika.

Siku ya malipo ya kahawa, alizitenga pesa hizo kabla hajapita dukani. Zilifungiwa kwenye kisanduku, Ikupa akashika ufunguo. Lwitiko alikwenda pia kwa Damiano, mwenye pikapu, wakapatana bei mapema, iwe mvua au jua. Mabati yalitosha nyumba tu, jiko likabaki la nyasi.

Mwezi wa pili, wiki tatu kabla ya siku ya kujifungua, Ikupa alikuwa akichambua maharage. Akaona damu. Ilikuwa adhuhuri, na mvua ilikuwa ikinyesha. Lwitiko alimpigia Damiano simu. Damiano alikuja bila kuuliza pesa. Gari lilikwama mara moja, wakalisukuma, wakafika.

Daktari alisema Ikupa apasuliwe mara moja. Dawa moja haikuwapo, Lwitiko akakimbia kuinunua kwa pesa ya akiba. Kisha akakaa kwenye benchi. Aliogopa. Lakini safari hii alikuwa na hofu moja tu. Hakuwa na nyumba saba za kupita.

Mtoto wa kike alilia kabla ya jioni. Ikupa alikuwa hai.

Kesho yake Bibi Marta aliingia wodini na kifurushi. Ilikuwa shali nyeupe, imefuliwa, inanukia sabuni. Alisimama mbali na kitanda, hakuthubutu kusogea.

"Niliisingizia," alisema. "Miaka mitatu niliisingizia." Akafuta machozi. "Nikiileta sasa, utaogopa?"

Ikupa alisogea polepole kwa maumivu, akampa nafasi ya kukaa.

"Mfunike, mama," alisema. "Anasikia baridi."