Jenereta Haijaribiwi kwa Taa

Karakana yetu ni chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara. Asubuhi binti yangu hufagia kwanza. Kisha hutoa mashine ya kuchomelea, akavaa glavu na kinyago, kazi ikaanza. Mimi hupaka rangi madirisha aliyoyamaliza jana. Ndivyo tunavyoishi tangu baba yake afariki. Mungu hajatuacha.

Shida yetu ilikuwa umeme. Ukikatika leo, hujui utarudi lini. Basi zahanati ya mtaa ikampa binti yangu kazi ya geti. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Tukaamua kununua jenereta ndogo ya kubebeka.

Shemeji yangu, muuza nyama, akasema ataifuata dukani mwenyewe.

"Twende wote, baba mdogo," binti akasema. "Mashine ni yangu, naijua."

"Wewe kaa na kazi yako. Mambo ya injini tuachie wanaume."

"Baba mdogo, injini uliyoizoea wewe ina maini na figo!"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini alikwenda peke yake.

Alirudi ameikumbatia kama mtoto mchanga. Ubavuni ilikuwa na karatasi nyekundu yenye namba kubwa: 3,500.

"Wati elfu tatu na mia tano!" akasema. "Muuzaji amewasha nayo taa ukuta mzima. Hata moja haikufifia."

Binti akaunganisha mashine yake. Fimbo ya kuchomelea ilipogusa chuma, jenereta ikaguna. Fimbo ikaganda. Akaing'oa, akajaribu tena. Moto ukawaka, ukafa. Pale alipounga pakawa na madonge kama kinyesi cha kuku.

Alihangaika hivyo mpaka msimamizi wa ujenzi wa zahanati akaja kukagua. Alishika nondo moja ya geti, akaivuta. Ikabaki mkononi mwake.

"Hapo sijamaliza," binti akasema. "Umeme hautoshi."

"Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu," msimamizi akajibu. Majirani walikuwa wamesimama mlangoni, wanasikia. "Wewe dada hujui kazi. Namtafuta fundi mwingine."

Shemeji akadakia, "Tusamehe, bwana mkubwa. Hii kazi ya kiume. Mimi nilishasema."

Damu ilinichemka. "Shemeji, tangu lini wewe ukashika fimbo ya kuchomelea? Madirisha ya mtaa mzima nani kayatengeneza? Leo unamvua nguo mtoto wa ndugu yako mbele ya watu!"

Msimamizi akaondoka zake. Binti akakaa juu ya kopo la rangi, kinyago mkononi. Hakulia. Afadhali angelia.

Ng'ambo ya barabara anaishi Mama Mota. Kazi yake ni kusuka upya mota zilizoungua. Alisikia kelele, akavuka akifuta mikono. Hakuitazama karatasi nyekundu. Alipiga magoti, akatafuta kibati kidogo cha chuma nyuma ya jenereta.

"Njoo usome, mwanangu. Namba ya kwanza?"

"Nguvu ya juu kabisa, wati 3,500."

"Hiyo inatoka kwa muda mfupi tu, injini ikijikakamua. Na chini yake?"

"Nguvu ya kudumu, wati 2,800."

"Hiyo ndiyo ya kufanyia kazi. Sasa tazama kibati cha mashine yako ya kuchomelea."

Binti akainama. "Inakula mpaka wati 4,000."

"Ndiyo. Ukitumia fimbo nene za geti, inakaribia huko. Punda wa gunia moja mmembebesha mawili, halafu mnamtukana mchungaji."

"Lakini iliwasha taa!" shemeji akasema.

"Shemeji," Mama Mota akasema, "taa huomba umeme kwa adabu. Mashine ya kuchomelea huupokonya. Jenereta haijaribiwi kwa taa. Hujaribiwa kwa mashine itakayoitumia."

"Sasa tuchague vipi?" nikauliza.

"Anzeni na mashine, siyo jenereta. Jueni inakula kiasi gani, kisha ongezeni angalau robo juu yake, ili injini ipumue. Kwa mashine hii, tafuteni nguvu ya kudumu ya wati 5,000 au zaidi. Iwe na kidhibiti, umeme usipande na kushuka. Na ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake huua, hata usipouona."

"Na hii ndogo?"

"Kwa fimbo nyembamba na moto mdogo, pengine. Kwa geti, hapana."

Tulipakia vyote kwenye mkokoteni, mashine ya kuchomelea juu, tukaenda dukani pamoja na Mama Mota na shemeji. Muuzaji alipotuona, akakunja uso.

"Bidhaa ikishatoka hairudi, mama. Labda huyo dada hajui kuchomelea."

Maneno yaleyale! Nikasimama mlangoni pa duka. "Mwanangu, chomelea."

Tulitoa jenereta nje, akaunganisha. Wateja wakakusanyika. Fimbo ikagusa, ikaganda. Injini ikakohoa, ikazimika.

"Sasa tuletee ile," Mama Mota akasema, akionyesha jenereta kubwa zaidi, ya kudumu wati 5,000.

Ikawashwa. Binti akagusa chuma, na moto ukatulia, ukinguruma sawasawa. Mshono ukatoka umelala vizuri, mistari kama ya ukili wa mkeka. Mteja mmoja aliyebeba jenereta ya karatasi nyekundu akairudisha chini polepole.

"Mikono ni ileile," nikamwambia muuzaji. "Shemeji hakukwambia anataka ya kuchomelea?"

"Aliniambia."

"Ukajua, bado ukamwonyesha taa! Mizani ya uongo ni dhambi, ipime nyama au ipime umeme."

Akatubadilishia. Tofauti ya bei aliitoa shemeji, bila kuombwa.

Geti lilikwisha. Msimamizi hakuwa amepata fundi mwingine, akaja. Akalitikisa. Akaning'inia kwa uzito wake wote. Halikulia hata kidogo.

"Haya, lileteni," akasema.

Majirani wakainama kubeba. Binti akaweka mkono juu ya geti. "Bado. Siku ile ulisema mbele ya majirani kwamba sijui kazi. Hao hapo."

Msimamizi akaangalia chini. "Fundi anajua kazi," akanong'ona.

Nilifungua mdomo. Shemeji akaniwahi: "Huku nyuma hatujasikia, bwana mkubwa!"

Msimamizi akainua kichwa, akarudia kwa sauti. Mtaa mzima ukasikia.

Binti akaondoa mkono wake. Tukalibeba.